Filta za bure na doa la shavuni kwa Bibi

Tangu tulipozungumzia albamu za familia kwenye podikasti, swali linalokuja sana ni hili: nina picha ya zamani imechakaa, hela ya Photoshop sina, nifanye nini? Basi nimekaa na laptopu jioni tatu nikijaribu plagini za filta za bure, na leo nawaletea niliyoyaona.

Kwanza tuelewane maneno. Plagini ni programu ndogo inayopachikwa ndani ya programu kubwa ili kuiongezea kazi. Filta ni kazi yenyewe: kufuta mikwaruzo, kulainisha, kubadilisha rangi.

Mimi nilitumia GIMP, programu ya kuhariri picha iliyotoka mara ya kwanza 1996 na hailipiwi. Ndani yake nikaweka plagini iitwayo G'MIC. Hiyo ilianza 2008 kwenye maabara ya GREYC mjini Caen, Ufaransa, na ina filta zaidi ya 500. Ukishaiweka, funga GIMP, ifungue tena, utaikuta kwenye menyu ya Filters, huko chini. Dirisha lake liko hivi: upande mmoja picha yako, katikati orodha ya filta, upande wa pili vitelezi vya kuongeza na kupunguza nguvu. Unaona matokeo kabla hujakubali. Ukipotea kwenye hizo 500, usiogope, sote tunapotea. Kwa picha za zamani anzia kwenye kundi la Repair.

Picha niliyoifanyia kazi ni ya Bibi, mama yake Mama. Ilipigwa studio, Unguja, miaka ya 1960, nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja. Ndiyo picha pekee tuliyonayo ya ujana wake. Ina mkunjo uliokatiza begani, mkwaruzo kwenye paji la uso, na vumbi kila mahali. Na shavuni kuna doa jeusi dogo. Hilo si vumbi. Alizaliwa nalo. Mama analo, na mimi ninalo pia, pale pale.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuziba mkunjo. G'MIC ina filta zinazoitwa Inpaint. Unapaka rangi nyekundu kabisa juu ya sehemu iliyoharibika, kisha filta inaangalia pembeni, inachukua kilichopo pale na kujazia pengo. Kwenye nguo na ukuta wa nyuma imefanya kazi safi, mkunjo huuoni tena. Kwenye uso nenda taratibu, sehemu ndogo ndogo, maana filta haijui pua wala jicho. Inajua tu kwamba hapa kuna kiza na pale kuna mwanga.

Jaribio la pili, vumbi. Hapa ndipo penye kazi. Filta ya kuondoa madoa inatafuta vitone vidogo visivyofanana na majirani zake, halafu inavifuta. Sasa nyinyi fikirini: kwa kompyuta, kuna tofauti gani kati ya chembe ya vumbi na doa la Bibi? Hakuna. Nilipoiachia picha nzima, vumbi liliondoka, na doa likaondoka nalo. Filta za kulainisha nazo ni hivyo hivyo. Ukisukuma kitelezi mpaka mwisho, makunyanzi yote yanaisha na unabaki na mdoli. Dawa yake ni rahisi: kwenye GIMP chagua eneo kwanza, kisha ipe filta eneo hilo tu. Ukuta, sawa. Nguo, sawa. Shavu, nilifuta vumbi kwa mkono, kitone kimoja kimoja. Imenichukua saa nzima.

Jaribio la tatu, rangi. Kuna filta zinazoiga filamu za kamera za zamani, na kwa picha za pwani zinapendeza kweli. Lakini zitazameni vizuri kwenye ngozi zetu. Zamani maabara za picha zilipima rangi kwa kutumia kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Yeye akitoka vizuri, basi mashine imekaa sawa. Kodak walikuja kutoa kadi zenye watu wa rangi mbalimbali miaka ya 1990. Kwa hiyo ukiiga filamu ya zamani, huenda ukaiga na macho yake. Nilijaribu filta tano juu ya picha ya rangi ya wajomba zangu. Mbili ziliwafanya kama wana homa ya manjano.

La mwisho halikuwa plagini. Mama Mdogo aliichukua picha ile ile akaitia kwenye apu ya simu, ya bure pia, ile ya kubonyeza mara moja tu. Sekunde chache, Bibi katoka anang'aa: kope ndefu, ngozi nyororo, rangi imepanda. Akaituma kwenye kundi la familia. Mama akajibu kwa ujumbe wa sauti: “Nani kamtia mama yangu mkorogo?”

Sisi tulicheka. Wao wawili hawakucheka. Mama Mdogo alikuwa na hoja, na mimi siwezi kuipuuza. Alisema: “Mwanangu, hata siku ile studio mama alijipaka poda na wanja. Alikwenda apendeze. Sasa akipendezeshwa kidogo kuna ubaya gani?” Kweli, hakuna aliyekwenda studio aonekane alivyoamka.

Lakini poda aliichagua mwenyewe, na wanja aliutia kwa mkono wake. Hii rangi mpya hakuichagua, na sasa hatuwezi kumuuliza, Mungu amrehemu. Apu za namna hii hazisafishi tu picha. Zinachora upya, zikikisia kutokana na sura nyingine zilizofundishwa. Mwaka 2017 FaceApp iliwahi kuomba radhi kwa sababu filta yake ya kumfanya mtu avutie ilikuwa inaweupisha ngozi. Waliotengeneza walisema tatizo lilitoka kwenye picha zilizotumika kuifundisha. Kwa hiyo mtu anayerudi kwenye skrini anaweza kuwa mzuri sana, na asiwe wa kwenu.

Ndiyo maana mimi nabaki na plagini zenye vitelezi, hata kama zinachosha. Ninaona kila kinachobadilika, na ninaamua mimi.

Kitu kimoja kuhusu neno bure. Nik Collection ilikuwa plagini za kulipia, dola 149. Google wakaitoa bure Machi 2016. Oktoba 2017 wakaiuza kwa kampuni ya DxO, na mwaka uliofuata toleo jipya likawa la kulipia tena. Kuna bure ya mwenye mali kuamua, na kuna bure ya GIMP na G'MIC, ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Hiyo ya pili ni vigumu mtu kuamka siku moja akainyang'anya.

Ukitaka kuanza leo, fanya hivi. Skani picha kwa dpi 600 au zaidi kama ni ndogo. Hifadhi ile ya kwanza kama TIFF na usiiguse tena, fanyia kazi nakala. Kila filta iweke kwenye leya yake, ili ukiharibu ufute leya, si picha. Pakua plagini kutoka tovuti yake rasmi tu, maana kurasa za “filta bure” zimejaa takataka za kuambukiza kompyuta.

Na kabla hujagusa uso wa mtu, mpigie simu mkubwa mmoja nyumbani aliyemjua. Shikamoo kwanza, habari za siku nyingi, halafu muulize: hiki kitone hapa, ni vumbi au ni chake? Mimi nilimuuliza Mama kuhusu kovu dogo juu ya nyusi, nililotaka kulifuta nikidhani ni mkwaruzo. Nikapata hadithi ya dakika arobaini kuhusu mwembe, kaka zake Bibi, na jiwe. G'MIC utaikuta mwakani pia. Wenye majibu ya namna hii, wapigie wiki hii.