Cheti Hakichori

Hivi karibuni niliketi kwenye jopo la kuteua picha za maonyesho ya taasisi moja ya umma. Kijana mmoja, fundi simu aliyejifunza uchoraji peke yake, alileta picha tatu za dhahania: mistari ya kijani na rangi ya shaba, ikigawanyika na kukutana kama njia za umeme ndani ya simu iliyofunguliwa. Kabla hatujazitazama, mwenzetu aliuliza: "Cheti kiko wapi?" Hakuwa nacho. Faili likafungwa. Nami nilinyamaza; aibu hiyo ndiyo inayonisukuma kuandika.

Taifa hili hujivunia Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli, bila kusomea sanaa chuoni. Leo wageni huondoka na picha za mtindo wake. Je, tungemdai cheti, tungejivunia nini? Huko Nairobi, Cyrus Kabiru, naye aliyejifundisha mwenyewe, hugeuza mabaki ya vyuma na vifaa vya elektroniki kuwa miwani ya sanaa inayoonyeshwa ughaibuni.

Mtaniambia: "Lazima tulinde viwango." Naam, lakini kiwango cha picha hupimwa kwa macho, si kwa mhuri. Zama za kidijiti zina watu wanaozishika kwa mikono kila siku. Kwa nini tuwanyime ukuta?

Watumishi wa umma, futeni kipengele hicho kwenye fomu. Wahadhiri wenzangu, tutazame kwanza. Chema chajiuza, lakini si kikiwa kimefungiwa kabatini.