Miaka 70 ya ILAM ni sikukuu yetu pia

Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, ILAM, iliyoanzishwa na Hugh Tracey nchini Afrika Kusini mwaka 1954, ilitimiza miaka 70 mwaka 2024. Sisi wa Kericho na Bomet tuna kila sababu ya kuishangilia, maana sehemu ya hazina yake ilitoka hapa.

Mwaka 1950, Bomet ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Kericho, Tracey alifika Kapkatet na mashine yake ya kunasa sauti. Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake wa Kipsigis wakamwimbia wimbo wa Chemirocha, kiumbe nusu mtu, nusu swala. Huyo alikuwa Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli wa Mississippi, Marekani, aliyegeuka mwimbaji, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Sauti yake ilikuja kwa santuri. Wakipsigis wakampa jina linalowakaa mdomoni, wakampigia chepkong, kinubi ambacho ni ndugu wa nyatiti ya Waluo.

Wapo wanaousikia wimbo huu kama kioja cha watu walioshangazwa na gramafoni. Hawautendei haki. Huo ni utunzi: kuchukua cha wageni na kukifanya chako. Wafaransa wa Louisiana waliichukua kodiani iliyotoka Ulaya wakaifanya yao, na mwaka 1928 Joe Falcon akaipiga katika santuri ya kwanza ya muziki wao. Wakikuyu nao waliitia kodiani katika ngoma ya mwomboko. Nani amewahi kuwacheka? Waliotunga Chemirocha ni wasanii wa daraja hilohilo.

Tunaipongeza ILAM hasa kwa sababu haikuridhika kuhifadhi tu. Miaka 65 hivi baada ya Tracey, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells, ilizirudisha rekodi zake Kapkatet. Wazee walioukumbuka ugeni ule walikuwepo kuzisikia.

Sasa zamu ni yetu. Si haki mtoto wa Litein au Sotik ategemee kumbukumbu zilizo maelfu ya kilomita kutoka kwao ili amsikie bibi yake akiimba. Tunaziomba serikali za kaunti za Kericho na Bomet zitenge chumba cha kusikilizia rekodi hizi, na ziwalipe wapigaji wa chepkong waliobaki wawafundishe vijana, wakati wangali nasi.