Kinengenenge wa Upare na Somo la Mageuko

Msafiri atokaye Chalinze kwenda Segera hupita Mkata, penye njia panda ya kuelekea Handeni. Nchi ya huko ni tambarare, na wakati wa kiangazi majani hukauka, miti ikabaki mitupu. Akiendelea kaskazini hadi Korogwe, safu ya Usambara humsimamia kando ya barabara kama ukuta. Na mbele zaidi, akiisha kupita Mombo na Mkomazi, huanza milima ya Upare. Kwa abiria wa basi, safari hiyo ni ya saa chache tu. Kwa ndege mdogo wa misitu ya mlimani, nyika iliyo kati ya mlima na mlima ni mfano wa bahari, na kila mlima ni kisiwa.

Miongoni mwa ndege hao yumo kinengenenge. Ni ndege wa kuimba, mwenye urefu wa sentimita 11 hivi na uzito wa gramu 10 hivi, mgongo wa kijani, na duara jeupe lizungukalo jicho mfano wa miwani. Huenda kwa makundi, wakiitana kwa sauti nyembamba, na hula wadudu, matunda madogo na maji matamu ya maua. Katika nyika kavu za kaskazini mashariki ya Tanzania yuko kinengenenge wa rangi ya njano hafifu. Upare Kusini, katika msitu wa Chome ulio chini ya kilele cha Shengena, chenye urefu wa meta 2,462, yuko mwingine mwenye tumbo la kijivu. Upare Kaskazini, mlima wa jirani kabisa, yuko wa tumbo la njano. Kilimanjaro yuko mwenye duara pana mno la jicho; na katika milima ya Taita, nchini Kenya, yuko mwingine tena.

Kinengenenge wa Upare Kusini alipewa jina la kitaalamu, Zosterops winifredae, na mtaalamu wa Kiingereza W. L. Sclater katika miaka ya 1930. Jina hilo ni kwa heshima ya Winifred Moreau, mke wa R. E. Moreau, ambaye tangu mwaka 1928 alikuwa mtumishi wa kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, na aliyekuja kuwa bingwa mkubwa wa elimu ya ndege wa Afrika. Baadaye wataalamu waliwaunganisha vinengenenge wa milimani, tangu Ethiopia hadi Tanzania, wakawahesabu kuwa spishi moja tu. Utafiti wa chembechembe za urithi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba hesabu hiyo ilikosea: ndege hao si ukoo mmoja uliogawanyika, na kuishi mlimani si ushahidi wa udugu wa karibu. Tangu hapo kinengenenge wa Upare Kusini huhesabiwa kuwa spishi peke yake.

Hapa ndipo penye hoja. Mwanafunzi wa sekondari afundishwapo mageuko ya viumbe husimuliwa habari za Darwin, aliyefika visiwa vya Galápagos mwaka 1835, na ndege wa huko wenye midomo ya namna mbalimbali. Mfano huo ni mzuri. Darwin mwenyewe hakuutambua papo hapo: alidhani baadhi ya ndege wale ni wa koo mbalimbali, mpaka mwaka 1837 huko London John Gould alipomweleza kuwa wote ni ndugu. Lakini mfano wa Upare unafundisha upande wa pili wa jambo lilo hilo. Galápagos, wasiofanana walikuwa ndugu. Milimani kwetu, waliodhaniwa kuwa kitu kimoja walikuwa mbalimbali. Mwanafunzi aliyejifunza yote mawili ameelewa kwamba sura peke yake haitoshi kuwa shahidi. Aliyejifunza la kwanza tu amekariri kisa cha mbali.

Watakuwapo wa kusema kwamba shule hazina vifaa, na kwamba mtihani haumngoji mwalimu. Ni kweli kwamba chembechembe za urithi hazipimwi kwa rula. Lakini kutazama, kuandika rangi ya tumbo, upana wa duara la jicho, mahali na tarehe, na kulinganisha daftari la shule ya Mkata na la shule ya Same, kunahitaji macho, kalamu na subira. Wala hakuna mtihani umkatazao mtahiniwa kutoa mfano wa nyumbani.

Tena jambo hili si la darasani tu. Maadamu vinengenenge wote wa milimani walihesabiwa kuwa spishi moja, kuharibika kwa msitu mmoja kulionekana kuwa hasara ndogo, kwa kuwa ndege yule yule angalipo mlima mwingine. Kumbe hayupo. Moto au shoka likiumaliza msitu wa Upare Kusini, hakuna mlima mwingine duniani ambako kinengenenge huyo ataletwa upya. Na msitu huo si wa ndege peke yao: maji ya milima hiyo huchangia mto Pangani, upitao Korogwe na kuendesha mitambo ya umeme ya Hale.

Kosa la hesabu la wataalamu limekwisha kusahihishwa vitabuni. Lililobaki ni la shule. Kijana wa Handeni au Korogwe ajuaye ndege wa Galápagos asiyemjua wa Upare hawezi kulaumiwa, hakuonyeshwa. Basi na aonyeshwe, msitu ungali umesimama.