Mchezo wa vita, raia wako wapi?
Michezo mingi ya vita ambayo vijana wetu wanacheza kwenye simu inampa mchezaji bunduki tu. Raia haonekani, sijui amekimbilia wapi. Mwaka 2014 kampuni 11 bit studios ya Poland ilitoa This War of Mine, iliyochota mengi katika kuzingirwa kwa Sarajevo. Humo unaongoza raia: mchana wanajificha nyumbani, usiku mmoja anatoka kutafuta chakula na dawa. Ukiwaibia wazee, wenzako wanavunjika moyo. Kwangu, hiyo ndiyo hadithi ya vita. Ila mama aliyebeba godoro na watoto kutoka Sake hadi Goma anaijua kuliko fundi yeyote wa Warsaw. Vijana wanaosomea informatike wamwendee, wamuombe ruhusa. Na mchezo ukiuzwa, apate fungu lake.