Tuwafundishe Vijana Kutua



Jioni nyingi viwanja vya mpira wa kikapu vya shule na parokia zetu hujaa vijana. Akitokea mmoja akapaa hadi kwenye ringi na kuuchindilia mpira kikapuni kwa mkono, kile ambacho wenyewe hukiita danki, uwanja mzima hushangilia. Hata sisi wazazi hupiga makofi. Kelele zikiisha, ni wachache wanaomwona kijana yule akienda nyumbani huku akichechemea. Kwa maoni yetu, tumewasifu mno vijana kwa kuruka, tukasahau kuwafundisha kutua.

Ringi iko mita 3.05 kutoka chini. Kuifikia kunahitaji mruko mkubwa, na apaaye hana budi kushuka. Wakati wa kutua miguu hupokea nguvu inayozidi uzito wa mwili mara kadhaa. Mruko mmoja kwa kawaida hauna neno. Lakini mruko baada ya mruko, siku baada ya siku, juu ya saruji na kwa viatu vilivyokwisha soli, huichosha kano iliyo chini ya pia ya goti. Mwanzoni huuma baada ya mchezo, halafu wakati wa mchezo, na mwishowe hata kupanda ngazi huwa shida. Kwa watoto wanaorefuka haraka, huweza kutokea uvimbe mgumu wenye maumivu chini kidogo ya goti, juu ya mfupa wa muundi.

Goti si peke yake. Kifundo cha mguu huteguka mchezaji anapotua juu ya mguu wa mwenzake. Mkono nao hugonga chuma, na pete ya kidoleni ikinasa inaweza kuchana nyama vibaya sana.

Wala hili si tatizo la wanaoanza tu. Mwaka 2009, timu za ligi kubwa ya Marekani, NBA, zilipochagua wachezaji wapya, Mtanzania wetu Hasheem Thabeet alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa Blake Griffin. Oktoba mwaka huohuo, katika mechi ya maandalizi, Griffin alipiga danki, akatua vibaya, na pia ya goti lake la kushoto ikapata ufa. Alikosa msimu mzima. Aprili 2010, Andrew Bogut wa Milwaukee alipiga danki, akaponyoka kwenye ringi na kuangukia mkono wa kulia. Kiwiko kilitoka mahali pake na mfupa wa kiganja ukavunjika. Hao walikuwa na madaktari kando ya uwanja. Kijana wetu ana nani?

Wapo watakaosema kwamba mchezo bila maumivu si mchezo. Hatukubaliani nao. Danki huhesabiwa pointi 2, na mpira uliowekwa taratibu kupitia ubaoni nao ni pointi 2. Hatusemi danki ipigwe marufuku. Tunasema isiwe kipimo cha uanaume wala sababu ya kijana kuficha maumivu yake.

Kwa hiyo tunawashauri wazazi na walimu wa michezo haya:

1. Kijana afundishwe kutua kwa miguu yote miwili, magoti yakikunjwa na kuelekea mbele, yasigongane. Wasichana wasisahauliwe, maana kano za ndani ya goti hukatika kwao kwa urahisi zaidi.

2. Mazoezi ya kuruka yasiwe ya kila siku. Wapashe mwili moto kwanza, na waimarishe misuli ya mapaja.

3. Pete zivuliwe. Asiwepo wa kuning'inia kwenye ringi kwa mchezo tu.

4. Aliyeteguka apumzike, ainue mguu, awekewe barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika 15 hadi 20. Asikandwe kwa maji ya moto wala kuvutwa mguu siku za kwanza.

5. Akisikia kitu kikikatika, goti likivimba upesi, au akishindwa kukanyaga, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Maumivu ya goti yanayomwamsha mtoto usiku nayo yaonwe na daktari.

Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Wakorintho, alitumia mfano wa wanamichezo wanaojitawala ili washinde. Kujitawala huko ni pamoja na kujua wakati wa kupumzika. Jioni ya leo kijana akirudi kutoka uwanjani, tusimwulize tu amefunga vikapu vingapi. Tumwulize pia magoti yake yanaendeleaje, na akisema yanauma, tumsikilize bila kumcheka.