Staa Akila Bata la Maji Ulaya Mnamwita Malkia, Bibi wa Nachingwea Akiteleza Mnasema Korosho Zimempanda Kichwani

Wadau, ndani ya wiki mbili mtandaoni yamepita mambo mawili ya maji, na jinsi watu walivyoyapokea kiukweli inatia kichefuchefu.

La kwanza. Mwanadada mmoja maarufu, yule ambaye kwao ni Ruangwa ila siku hizi anakula maisha Ulaya na mume wake mzungu, aliposti mfululizo wa picha na video, familia nzima ipo kwenye hoteli yenye michezo ya maji ndani ya jengo. Nje theluji imejaa mpaka kwenye vioo, ndani joto kama la Lindi. Watoto wanateremka kwenye mabomba ya kuteleza, baba kabeba boya, mama kavaa miwani ya jua humo humo ndani ya jengo (hiyo nayo ipite). Siku tatu walilala hapo hapo. Komenti zikamiminika: malkia, mama bora, familia ya ndoto, Mungu na mimi nione. Mioyo kila kona.

La pili. Siku tisa baadaye ikasambaa video fupi, haifiki hata dakika. Bibi mtu mzima kajifunga kanga juu ya dera, kashikwa mikono na wajukuu wawili, anateremka kwenye mteremko wa watoto kwenye hoteli moja ya pembeni ya Dar yenye michezo ya maji. Anapiga ukelele, anazama kidogo, anaibuka, kilemba kimeshatoka, anacheka mpaka anakaa chini kwenye maji na kushindwa kusimama. Nyuma inasikika sauti ya aliyekuwa anarekodi ikisema hawa lazima watakuwa wa kusini, korosho zimelipwa.

Basi ikatosha. Korosho zimempanda kichwani. Pesa ikikutana na mshamba. Mwambieni hapo sio mto Lukuledi. Kwao maji ya kunywa shida, wanakuja kuyachezea mjini. Na mwanadada wetu wa Ulaya naye akairusha ile video kwenye ukurasa wake, vicheko vitatu, na maneno kwamba ndugu zake wa kusini wanamuaibisha.

Wanamuaibisha. Huyu ambaye kila intavyuu lazima aseme amesomeshwa kwa korosho za mama yake, kwamba ametoka chini, kwamba Ruangwa ndio roho yake. Korosho ikiwa stori ya kuombea huruma ni roho yake, korosho ikimpeleka bibi wa watu kwenye maji ni aibu yake.

Sasa hebu watu waambiwe kilichokuwa nyuma ya ile video, maana walioicheka wengi hawakujua hata familia ilifikaje pale. Kwa mujibu wa watu wa karibu na familia hiyo, ni watu wa Nachingwea, walikwenda saba: bibi, mtoto wake wa kiume na mkewe, na wajukuu wanne. Walilala siku mbili. Na aliyelipa sio yule mwanaume mnayemuona amebeba mfuko wa mkate pembeni, ambaye komenti zilimshambulia eti anatapanya hela badala ya kujenga. Aliyelipa ni bibi mwenyewe. Mikorosho ni yake, alirithi shamba kwa marehemu mumewe, na wajukuu walikuwa wanamuomba tangu mwaka juzi.

Wewe unayesema hela ya korosho ni hela ya bure, unaijua inavyopatikana? Shamba linapaliliwa kwanza. Halafu ukifika wakati wa maua unaanza kupulizia salfa, bila hivyo ubwiri unga unakula maua na mwaka wako umeisha hapo. Salfa ile inawasha macho, watu wanapulizia alfajiri wamefunga vitambaa usoni. Korosho zikianza kudondoka ni kuinama kutwa nzima, unaokota moja moja, unaitenganisha na bibo lake, unaanika, unachagua. Bibi wa umri ule kuinama shamba zima sio mchezo. Halafu kuna wale wa kangomba wanapita mlangoni na hela mkononi wakati ambao nyumbani hakuna hata ya sukari, wanataka wazichukue kwa bei ya kutupa kabla ya mnada. Ukishinda huo mtihani, ndio unapeleka AMCOS, mzigo unakwenda ghalani, chama kikuu cha RUNALI, kile cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kinapeleka mnadani, kisha unasubiri benki. Wanasubiri, wanapiga simu, wanasubiri tena.

Na bei yenyewe ni ya kubahatisha. Watu wa kule hawajasahau 2018, wanunuzi walipotaka kuchukua kwa bei ndogo, serikali ikaingilia na kutangaza shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakabeba mzigo, na wapo waliokaa miezi wakingoja hela yao. Msimu wa 2024 minada ya mwanzo ikavuka shilingi 4,000. Mwaka mmoja unalia, mwaka mwingine unacheka. Piga hesabu ndogo tu: mwenye tani moja kwa shilingi 3,000 anapata milioni tatu kabla ya makato, na hiyo ndiyo ya mwaka mzima, ndani yake kuna salfa ya msimu ujao, ada, bati, deni la duka. Mtu anayebakiza hapo hela ya kulaza watu saba hotelini siku mbili huyo sio mfujaji, huyo anajua kupanga bajeti kuliko vijana wengi wa mjini wanaokopa kwenye simu ili wapige picha na sahani ya kuku.

Tena angezitia kwenye ngoma hakuna ambaye angefungua mdomo. Mtoto akitoka jandoni au unyagoni, watu wanakodi muziki, wanapika mapipa, wageni wanatoka mpaka Liwale, hela inakwenda na kila mtu anasema kweli wamecheza ngoma. Na sio vibaya, ndio mila. Angeoa mke wa pili mtoto wake wa kiume kwa hela hiyo, kijiwe kingesema mwanaume huyo. Ila bibi kusema safari hii nataka kucheka na wajukuu zangu kwenye maji, hapo ndipo akili za watu zilipokwama.

Kuna waliosema kanga hairuhusiwi kwenye bwawa. Sawa, hiyo ni hoja na haina ubishi. Mabwawa mengi yanataka nguo za kuogelea kwa sababu kitambaa cha pamba kinaingia na uchafu na nyuzi zake zinaziba machujio. Lakini hiyo ni kazi ya mhudumu kumfuata bibi kwa heshima na kumwambia, shikamoo mama, huku tunaingia na nguo za aina hii, na kama hoteli wanazo za kukodi ampatie. Na swali la maana zaidi hakuna aliyeuliza katika komenti zote zile: wale watoto wanne, ambao kwao sio pwani na huenda hawajui kuogelea, walikuwa na mtu wa kuwaangalia majini? Hilo lingekuwa la kusaidia familia nyingine inayopanga kwenda. Lakini hapana, watu walikuwa bize na kilemba kilichotoka.

Na ile ya kwao maji shida, wanakuja kuyachezea mjini. Aliyeandika hivyo alipata kicheko kuliko wote. Ni kweli, wapo watu Nachingwea na Ruangwa wanaojua kuamka alfajiri na ndoo. Mtoto aliyekua anaambiwa usimwage, usichezee, maji ya kuoga ni kopo moja, siku akiona maji yanamiminika kutoka juu na hakuna anayemgombeza, unataka afanyaje, asimame pembeni asalimie? Yeye ndiye mwenye haki ya kupiga kelele kuliko yule wa Masaki mwenye bwawa nyumbani.

Halafu turudi Ulaya kidogo, maana huko ndipo kichekesho kilipo. Zile hoteli za maji za ndani ya jengo wenzetu wamezijenga kwa sababu ya baridi. Ujerumani ipo moja inaitwa Tropical Islands, sio mbali na Berlin. Lile jengo lilikuwa karakana ya kutengenezea ndege kubwa za gesi, kampuni ikafilisika 2002, na 2004 likafunguliwa kuwa bwawa. Lina urefu wa mita 360. Ndani wamemwaga mchanga wakatengeneza ufukwe, wakapanda minazi, wakapasha joto la nyuzi kama 26, na watu wanalipa kulala humo ili wajione wapo sehemu kama kwetu. Yaani mzungu anajenga paa kubwa kuliko uwanja wa mpira ili apate kipande cha Kilwa cha kuigiza. Sio dhambi, baridi ni baridi. Lakini mtoto wa Lindi anayekwenda kuogelea kwenye ufukwe wa kutengeneza, halafu anamcheka bibi wa Lindi aliyeoga chini ya jua la kweli, huyo ameshapotea njia ya kurudi nyumbani.

Na bibi yule hakwenda kwa ndege. Nachingwea, Masasi, Ndanda, Mtama, uipite Lindi, Nangurukuru, Somanga, uvuke Daraja la Mkapa, Ikwiriri, Kibiti, ndipo uanze kuiota Mbagala. Zaidi ya kilomita 500 na watoto mapajani. Ni barabara hiyo hiyo ambayo Mei 2024 mvua ziliikata Somanga, kusini ikabaki kisiwa. Watu wakivuka hapo salama wanashukuru Mungu, wakifika wanataka kufurahi.

Hili neno ushamba nalo limechosha. Nachingwea imeshakuwa na reli yake kutoka Mtwara, Waingereza waliijenga kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga ulioanza 1947, karanga zikagoma, reli ikaja kung'olewa. Wapigania uhuru wa Msumbiji wamefanya mazoezi ya kijeshi Nachingwea. Ruangwa kuna Namungo, 2021 walikuwa kwenye makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Simba na Yanga wakienda kucheza Uwanja wa Majaliwa, nyinyi nyinyi mnajaza basi mnakwenda, mnakula, mnalala, mnapiga picha na korosho za kubanguliwa. Hapo sio porini. Porini panaanza mwenyeji wa kule akija kwenu.

Lakini kubwa kuliko yote, na hili ndilo watu wamelipita kama hawalioni: ile video haikurekodiwa na familia. Mwanadada wa Ulaya aliposti mwenyewe, alichagua picha, alifuta asizozipenda, akaweka na muziki. Bibi alirekodiwa na mgeni mwingine wa pale hotelini, kwa siri, nguo zimelowa na kumganda mwilini, kichwa wazi. Mwanamke wa heshima zake, mtu wa kusalimiwa shikamoo mtaa mzima, ameonwa na maelfu ya watu katika hali ambayo hata wakwe zake hawajawahi kumuona. Nchi hii ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hizo hazikuandikwa kwa ajili ya mastaa peke yao. Wale wale wanaoshabikia staa akitishia kushitaki kisa picha yake imechukuliwa bila ruhusa, ndio hao walioisambaza ya bibi kwenye magrupu ya WhatsApp ya familia.

Kule nyumbani imefika. Nachingwea sio kubwa. Mjukuu mkubwa, yule wa mkono wa kushoto kwenye video, ameanza kuitwa jina la utani mtaani kabla hata likizo haijaisha, na anasema hataki kurudi shule. Bibi kwa siku kadhaa hakwenda sokoni. Watu wa karibu wanasema hakulia wala hakugomba, alichouliza ni kama ile ya kanga kutoka kwenye maji inaonekana yote. Wakamwambia ndiyo. Akaingia ndani.

Mwanadada alipobanwa na watu wachache wenye akili, alijibu kwamba ilikuwa utani tu, wa kusini kwa wa kusini. Utani upo, na watu wa kule wanaujua kuliko yeye. Mtani anakutania usoni, msibani kwako anakuja, na wewe unamrudishia palepale wote mnacheka. Bibi hana ukurasa wa kumrudishia. Hana hata simu ya kupapasa. Kama ni utani, basi apande ndege, Idd hii aende Ruangwa kwa shangazi zake wanaookota korosho mpaka leo, avuke pale Nachingwea, aingie kwenye ule uwanja, apige magoti, na amuombe msamaha bibi wa watu kwa mdomo wake. Na kabla ya hapo aifute, maana mpaka jana usiku ilikuwa bado ipo, vicheko vyake vitatu vile vile.

Na wewe uliyeweka kicheko, tiririka hapo chini, na uanze kwa kusema kwenu ni wapi na bibi yako mara ya mwisho ulimpeleka wapi.