Mbele ya kulaza wakimbizi, paa liangaliwe

Vita inapofukuza watu vijijini mwa Mambasa, familia nyingi zinakimbilia senta za kando ya barabara kubwa, kama Niania, pale njia za Kisangani, Mambasa na Wamba zinapokutana. Wasio na ndugu wa kuwapokea wanalala mashuleni, makanisani ao ndani ya nyumba za zamani. Mtu anayekimbia panga na risasi haulizi paa limetengenezwa na nini.

Lakini wanaowapanga humo wanapaswa kuuliza. Wakati wa Wabelgiji, majengo mengine hayakuezekwa kwa manjanja, bali kwa mabamba ya kijivu ya saruji yenye mawimbi, yale watu wanaita eterniti. Saruji hiyo ilichanganywa na amianti, jiwe lenye nyuzi. Bamba likiwa zima, nyuzi zinabaki zimeshikwa ndani. Likivunjika, likikatwa, ao likiliwa na mvua na jua kwa miaka mingi, zinatoka na vumbi. Jicho halizioni. Mtu akizivuta, zinabaki ndani ya mapafu, na ugonjwa, hata kansa, unaweza kuonekana miaka 20 ao 40 baadaye.

Wengine watasema: watu wana njaa na malaria leo, nani ana nafasi ya kufikiri ugonjwa wa mbali hivyo? Lakini mtoto wa miaka 5 anayelala humo leo ndiye atakayekuwa mzazi siku hiyo. Atakuwa aliponea vita, kisha auawe na mahali alipofichwa.

Rwanda, iliyotawaliwa na Wabelgiji kama Kongo, ilianza mwaka 2011 kuondoa paa hizo nchi nzima. Umoja wa Ulaya ulikataza amianti tangu 2005. Ituri haina feza ya kazi kubwa kama hiyo, lakini kuna yasiyodai feza nyingi. Viongozi na mashirika watazame paa mbele ya kuingiza watu. Chumba chenye mabamba yaliyovunjika kifungwe, na familia ipewe prela mahali pengine. Asifukuzwe mtu bila kuonyeshwa pa kwenda.

Walio tayari ndani wasipande juu, wasikate wala kutoboa bamba. Vumbi lake lisifagiwe likiwa kavu; lilowanishwe kwanza. Vipande vilivyoanguka vilowanishwe, vifungwe ndani ya mfuko wa plastiki na kufukiwa chini sana, mbali na kisima na shamba. Visitiwe motoni, maana vinapasuka na kurusha vumbi. Visianikiwe muhogo, visijengewe choo, wala watoto wasivichezee.

Kumpa mkimbizi pa kulala ni tendo jema. Basi anayefungua mlango aingie kwanza yeye, atazame juu, ndipo aite familia.